Meher, Ngamia na Riwaya
Katika Uingereza ya Malkia Victoria, hadi sheria ya 1882, mali ya mwanamke aliyeolewa iliingia mikononi mwa mumewe, na riwaya nyingi za wakati huo zimejengwa juu ya hofu ya kupoteza mali hivyo. Kwa Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera nchini Kenya, mambo ni tofauti: yarad, mahari ya kimila ambayo kwa wafugaji ni ngamia, huenda kwa jamaa za binti. Lakini meher, mahari ya Kiislamu, ni ya binti mwenyewe kisheria. Hiyo ni haki kubwa, ingawa mila mara nyingi imewaachia wazee uamuzi wa nani amwoe. Mwandishi Msomali Nuruddin Farah aliugusa uchungu huo mwaka 1970 katika riwaya yake From a Crooked Rib: Ebla, binti wa wafugaji, anatoroka baada ya babu yake kukubali kumwoza mzee kwa ngamia.