Msalaba Ukutani na Mtoto Chumbani

Katika nyumba moja ya Kikristu huko Ilomba, mjini Mbeya, tuliona msalaba mzuri sebuleni, umefutwa vumbi na kupambwa maua. Tulipokuwa tukinywa chai, sauti ya mtoto ilisikika kutoka chumba cha nyuma. Mama akainamisha kichwa, akasema: "Padre, huyo ni mwanetu asiyeweza kutembea. Wageni wakija twamweka kule." Hatukumlaumu, maana aibu yake ilichanganyika na uchungu. Lakini swali moja limetufuata mpaka leo: Mbona macho yetu huweza kutazama mateso yaliyochongwa, yasiweze kutazama mateso yenye pumzi?

Mafundisho ya Kanisa ni wazi. Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha ya kuwa heshima itolewayo kwa sanamu humwendea yule anayeonyeshwa na sanamu hiyo. Basi, anayeonyeshwa msalabani ni nani? Ni Mwana wa Mungu aliyedharauliwa na watu, naye alijihesabu kuwa mmoja na wagonjwa na wenye njaa. Heshima ikomayo kwenye mti haijamfikia.

Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, aliyaonyesha hayo kwa rangi. Mwaka 1959 alichora picha tano katika kuta za kanisa la ndugu zetu Waanglikana huko Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Humo Kristu ni Mwafrika, azaliwa na kusulibiwa katika nchi ileile ya wale wafiwa. Hawakuonyeshwa mateso ya mbali, bali Mwokozi aliyeingia katika mateso yao.

Wako wasemao kwamba picha za namna hii huwafundisha wanyonge kuyapenda maumivu na kunyamaza. Hatari hiyo ipo, wala tusiikane. Lakini Yesu aliwaponya wagonjwa. Hakuyasifu magonjwa yao. Msalaba hauyapambi maumivu. Hulifundisha jicho lisikimbie, na jicho lisilokimbia huuamsha mkono.

Wazazi wapenzi, uacheni msalaba mahali pake. Ila mleteni na mtoto akae chini yake, ili mgeni aingiapo amsalimu kwa jina lake.