Je, Yafaa Kufurahi Katika Matanga ya Bibi?

Liko swali ambalo watu wengi hulificha moyoni, nami nalileta hapa tulitazame pamoja. Mtu apata habari kwamba bibi yake amefariki. Alia, afunga mzigo, asafiri kutoka mjini mpaka kwao. Afikapo awakuta watoto wa shangazi na wa baba mdogo ambao hajawaona miaka saba, na yule aliyechunga naye mbuzi, na yule waliyekaa dawati moja shuleni. Jioni ya kwanza walia. Jioni ya pili, wamekaa mkekani kando ya moto, mmoja asimulia jinsi bibi alivyowakimbiza na mwiko, nao wacheka hata machozi yawatoka upya. Usiku moyo wamshtaki: Nilikuja kulia, mbona nimefurahi? Je, nimemdharau marehemu?

Mimi nasema hakumdharau. Mahali pengi katika nchi zetu mjukuu na bibi ni watani: bibi humwita mjukuu mume wangu, naye mjukuu humjibu kwamba amezeeka, hajui kupika tena, atatafuta mke mwingine, wala hakuna anayekasirika. Utani huo wavuka hata mipaka ya ukoo. Wachaga na Wapare hutaniana; vivyo hivyo Wangoni na Wahehe, ambao babu zao walipigana vita vikali katika karne ya 19. Mtani ajapo msibani ana ruhusa ya kutenda asiyoweza mtoto wa marehemu: aiga mwendo wake, amsema kwa deni alilokufa nalo, na wafiwa hucheka hali macho yamevimba. Mgeni asiyejua desturi huchukizwa. Lakini wazee walijua kwamba mwenye huzuni asipopumzishwa kidogo huzama.

Basi kufurahi si tatizo. Gumu ni hili: kwa nini tulingoja mpaka afe? Huku Kilimanjaro twazika kihambani, chini ya migomba, na mtu akifia Dar es Salaam mwili wake husafirishwa zaidi ya kilometa 500 uje ulale kwao. Kwa siku mbili tu jamaa huchanga kwa simu fedha za jeneza, gari na chakula, ambazo marehemu hakupata kuziona nusu yake alipokuwa mzima. Ni kweli wengi hupanda nyumbani wakati wa Krismasi, na hilo ni jema. Ni kweli pia kwamba kazi za mjini zina amri zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimwekea mfanyakazi wa Tanzania Bara siku zisizopungua 4 zenye mshahara kwa misiba kadha wa kadha, na kifo cha babu au bibi kimetajwa humo. Bibi aliye hai hakutajwa. Siilaumu sheria, hata mlinzi wa usiku, akimwambia tajiri wake, Naomba ruhusa nikamwamkie bibi yangu, angechekwa.

Mchungaji Bruno Gutmann wa misioni ya Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka kabisa mwaka 1938, alifundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu mwenyewe aliwapa watu, wala haifai kuvikata. Nadhani hakuna mahali vinapoonekana vyote vitatu kwa siku moja kama msibani. Ukoo hupanga, majirani huchimba kaburi na kuteka maji, watu wa rika hukaa na wafiwa wasiwe peke yao.

Kisha liko jambo la upatanisho. Kaburini ndugu wasiosemezana hushikana mikono, na watu husema, Tazameni, bibi amewapatanisha. Je, mkono ule ni wa kweli? Katika kitabu cha Mwanzo yako maziko matatu ya kutufundisha. Isaka na Ishmaeli, waliotengwa tangu utoto, walimzika Ibrahimu pamoja katika pango la Makpela. Esau na Yakobo walimzika Isaka. Tena twasoma habari za Esau kuhama, kwa kuwa nchi haikuwatosha wote wawili na mifugo yao, wala hatusomi kwamba walipigana. Wa tatu ni Yakobo. Alipokwisha kuzikwa, ndugu zake Yusufu waliogopa, wakidhani kwamba wema wote aliowatendea ulikuwa kwa ajili ya baba tu, na sasa baba hayuko. Hofu yao ndiyo hofu ya jamaa nyingi. Yusufu alilia, akawatuliza, akaahidi kuwalisha wao na watoto wao. Kwa hiyo mkono haupimwi kaburini. Hupimwa mwezi wa tatu baada ya kuanua matanga, siku mpaka wa kihamba unapotazamwa, na bibi hayuko tena wa kukohoa ndani ya nyumba ili wenye kugombana wanyamaze.

Wako wasemao kwamba urafiki uliorudi matangani ni bure, kwa kuwa siku ya nne kila mtu yumo ndani ya basi. Sikubaliani nao. Walioketi mkekani wameondoka na namba za simu na majina ya watoto wasiowajua. Hicho si kitu kidogo. Ila aliyekuwa akiyaunganisha hayo yote ni bibi. Yeye ndiye aliyejua nani ameoa wapi, mtoto wa nani anaumwa, nani na nani hawaamkiani. Kazi hiyo haiandikwi katika wosia, wala wazee hawaigawi pamoja na mashamba na vyombo. Katika jamaa nilizoziona mimi, mara nyingi huiokota mtu asiyetazamiwa: shangazi asiye na mtoto, au mjukuu wa kike aliyebaki kijijini kumwuguza bibi, ambaye siku ya maziko jina lake halikusomwa hata mara moja.