Mama Aliyesema Amerudi Mtupu



Mwezi huu twawaomba mkifungue chuo kidogo cha Ruthu, mlango wa kwanza, mkakisome nyumbani kabla ya kuusoma waraka huu. Twajua ya kuwa habari hii imekwisha kuhubiriwa mara nyingi. Kwa desturi husemwa hivi: Ruthu ndiye binti mwema, Orpa ndiye aliyegeuka, basi tuwe kama Ruthu. Nasi tulipata kuhubiri vivyo hivyo, tena zaidi ya mara moja. Leo twataka kulirudia neno letu na kulisahihisha, kwa kuwa tumeona limewaumiza watu.

Njaa iliingia Bethlehemu, na Elimeleki akamchukua mkewe Naomi na wanawe wawili wakaenda kukaa Moabu. Huko Elimeleki akafa. Wale vijana wakaoa wanawake wa nchi ile, na baada ya miaka kama kumi wakafa nao. Nyumba ikabaki na wajane watatu, hapana mwanamume hata mmoja. Hata Naomi aliposikia ya kuwa kwao kuna chakula tena, aliondoka, na wakwe zake wakafuatana naye. Njiani akasimama, akawaachia wote wawili ruhusa ya kurudi, kila mmoja kwa mama yake mzazi.

Angalieni jinsi alivyosema nao. Hakuwaita wakwe, bali aliwaita binti zake. Wala hakumbariki mmoja akamwacha mwingine. Aliwaombea wote wawili fadhili za Bwana kwa kipimo kimoja, kwa sababu wote wawili walikuwa wamewatendea mema marehemu na yeye mwenyewe. Orpa hakuwa mtu wa kukimbia. Alikwisha kuishika njia, alilia, na mara ya kwanza alikataa kurudi, kama Ruthu alivyokataa. Ni pale Naomi alipomhimiza tena ndipo alipombusu na kwenda zake. Yaani, alifanya lile aliloambiwa na mama. Itafuteni aya inayomkemea, hamtaiona. Kemeo lile tumelitia sisi wahubiri, nasi twaomba radhi.

Kwa nini twayasema haya hapa kwetu? Kwa sababu sisi twakaa penye njia panda. Barabara kuu yatoka Iringa na Mafinga, yapita hapa, yaendelea Makambako hata Mbeya. Na nyingine yachepuka kwenda Igowole, Kibao na Mgololo, kwenye chai na misitu. Kila mama wa Nyololo amepata kusimama kando ya barabara hii na kumwangalia mtoto akipanda gari. Tena wengi wa kina mama hao walisimama peke yao. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2007 na 2008 ulikuta ya kuwa katika Mkoa wa Iringa, wakati ule Njombe ikiwa bado ndani yake, watu wapata 15.7 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hata 49, walikuwa na virusi vya UKIMWI. Na hesabu ya nchi nzima ilikuwa 5.7. Hatuhitaji kueleza maana ya hesabu hiyo. Makaburi yetu yaieleza.

Basi, tumfikiri mama wa namna hii, ambaye hatumtaji jina kwa kuwa si mmoja. Mumewe alikufa, au aliondoka asirudi. Alilima mahindi na viazi, akachuma chai ya watu, akawalea mabinti wawili kwa sufuria moja na blanketi moja. Wala hawakufanana kamwe. Mmoja ni mpole, huimba kwaya, huamka kabla ya jogoo. Wa pili tangu udogo alikuwa na maswali mengi na miguu myepesi. Akaenda Dar es Salaam kufanya kazi za nyumbani, kama mabinti wengi wa mkoa wetu, na mwaka wa pili akarudi na mimba. Ndipo ndimi zetu zikaanza kazi. Twasema, yule mmoja alimlea vema, huyu alimshinda. Binti hutengwa, na mama huketi kibaraza cha nyuma kwa aibu. Hatujasikia hata mara moja baraza la wazee likiuliza baba yake mtoto yuko wapi. (Mzee mmoja alituambia swali hilo halina faida, maana huyo baba si msharika wetu. Huenda ni kweli. Walakini angeulizwa kwanza.)

Liko jambo moja la kale la pwani ambalo latusaidia kuona. Bi Salme, binti Seyyid Said wa Unguja, aliondoka nyumbani mwaka 1866 kwa ajili ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Tarehe 30 Mei 1867 huko Aden alibatizwa kwa jina la Emily, na siku ile ile akafunga ndoa. Mtoto wake wa kwanza, mvulana, akafa mwaka huo huo akiwa mchanga. Tarehe 6 Agosti 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg. Bi Salme akaachwa ugenini na watoto watatu: Thawka, ambaye Wajerumani walimwita Antonie, wa miaka miwili, Said, wa mwaka mmoja, na Ghuza, au Rosalie, ambaye hakutimiza bado miezi minne. Mama huyu, aliyezaliwa katika jumba la mfalme, alifundisha Kiarabu ili apate mkate. Habari za maisha yake aliziandika kwanza kwa ajili ya watoto wake, wapate kumjua mama yao ni nani. Baadaye zikapigwa chapa Berlin, mwaka 1886. Mwaka 1885 alirudi Unguja pamoja na watoto, lakini ndugu yake, Sultani Barghash, hakukubali kuonana naye.

Mabinti wake hawakushika njia moja. Ghuza aliolewa na ofisa wa jeshi la Prussia. Thawka aliolewa mwaka 1898 na Eugen Brandeis, mtawala wa Kijerumani, akaenda naye mpaka Visiwa vya Marshall katika Bahari ya Pasifiki, akakusanya vyombo na habari za wenyeji, na mwaka 1907 akatoa kitabu cha mapishi ya nchi za joto. Baadaye ndoa yake ikavunjika. Aliuawa na mabomu huko Bad Oldesloe mwezi Aprili 1945, vita ikielekea mwisho. Nani atathubutu kusema Bi Salme alimlea mmoja vema na mwingine vibaya? Maziwa yalikuwa yale yale, na msiba ule ule. Mama hupanda, namna ya mmea haikuwekwa mkononi mwake.

Tena twamsihi mama mwenyewe asikie neno la pili, ambalo si jepesi. Naomi alipofika Bethlehemu na wanawake wakamkusanyikia, alikataa jina lake, akataka aitwe Mara, maana yake mwenye uchungu. Alisema aliondoka amejaa na Bwana amemrudisha mtupu. Na Ruthu je? Ruthu alikuwa amesimama pale pale ubavuni pake, mavumbi ya Moabu yangali miguuni! Aliyasikia maneno hayo. Hatumlaumu Naomi, maana aliwazika watatu. Lakini tumeyaona haya majumbani mwenu. Mama humlilia yule aliyekwenda, huulizia kila abiria ashukaye garini, na yule aliyebaki hupika, hufua, huchota maji, hata siku moja husema kwa sauti ndogo, Mama, nami nipo. Binti mpole naye ana moyo. Asipopiga kelele haina maana ya kuwa hana njaa ya kutazamwa.

Kwa wazee wa sharika tuna ombi moja. Binti akirudi na mtoto mgongoni, nendeni kwake kwanza na unga na sabuni, kisha ndipo mzungumze habari za meza ya Bwana. Na mjane akinyang'anywa shamba na ndugu wa mume, msikae kimya mkisema ni mambo ya ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Fuatana naye mpaka ofisi ya kijiji. Mjane aendaye peke yake huambiwa aje kesho.

Turudi Bethlehemu. Ruthu aliokota masazo shambani, akaolewa na Boazi, akazaa mwana. Nao wale wanawake wa mji, ambao siku ya kwanza hawakusema neno lo lote juu ya yule mgeni Mmoabu, sasa walimjia Naomi wakamwambia ya kuwa mkwewe huyu ampendaye ni bora kwake kuliko wana saba. Ilibidi majirani wamwambie. Na mtoto wakampa jina wao, wakamwita Obedi, naye Naomi akampakata.