Gari Lililodhani ni Alfajiri

Gari lile lilikuwa na tabia moja ambayo, laiti mtu angeitilia maanani mapema, ingemwokolea mwenyewe fedha nyingi. Asubuhi za Juni pale Iringa, baridi ya kukakamaza vidole, liliwaka kwa kugusa ufunguo mara moja. Mchana, likishazunguka mjini na injini imepata moto, ukilizima limekwisha: starta inazunguka mpaka betri inachoka. Likikubali kuwaka, sailensa, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, iko juu, moshi mweusi unatoka nyuma, na harufu ya petroli inaingia mpaka ndani. Mlima wa kutoka Ipogolo kuja mjini lilikuwa linaupanda kama mtu aliyejitwika gunia la mahindi.

Mwenye gari ni jirani yangu, mwalimu mstaafu wa hesabu. Ni Toyota Carina ya mwaka 1996, injini ya 5A-FE, cc 1,498. Kabla hajalinunua lilikuwa limepita mikononi mwa watu watatu, na kila fundi umeme aliyewahi kuliingia alikuwa ameacha sahihi yake ya tepu nyeusi mahali fulani chini ya boneti.

Fundi wa kwanza alisema pampu ya mafuta. Ikanunuliwa, ikafungwa, moshi ukabaki vilevile. Sasa hebu tufikiri kidogo. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi hewa. Pampu iliyochoka hunyima mafuta. Ya namna hii haiwezi kuyazidisha, kwa sababu hata ikiwa nzima husukuma mengi kuliko injini inavyohitaji, na regulata ndiyo inayoshikilia presha na kuyarudisha yaliyobaki kwenye tanki. Pampu ikiwa dhaifu, plagi hutoka kavu na nyeupe. Plagi za mwalimu zilitoka nyeusi kama kitako cha chungu. Fundi alizishika mkononi, akaziona, akaweka mpya. Alizibadilisha bila kuzisoma.

Wa pili alisema nozeli. Zikasafishwa. Sina la kuongeza hapo.

Wa tatu alikuwa kijana mwenye kifaa cha kupimia, na huyu ndiye aliyempeleka mwalimu mbali zaidi. Alifungua boneti, akapachika adapta, akasubiri. Kioo kikaandika kwamba hakuna mawasiliano. Kijana akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu: "Mwalimu, kontrol boksi imekufa."

Sheria ya kuyalazimisha magari madogo kuwa na mfumo mmoja wa kupimia, ule wa soketi ya pini 16, ilianza kwa magari ya mwaka 1996 yaliyouzwa Marekani. Gari lililouzwa ndani ya Japan mwaka huohuo halikuwa na deni hilo. Mengi ya kizazi kile yana kompyuta nzima kabisa isiyojua lugha ya vifaa vyetu vya leo. Kijana alibisha hodi kwa Kiingereza katika nyumba ya watu wasiokijua, asipojibiwa akatangaza msiba. Na injini ilikuwa inanguruma mbele yake wakati anatangaza! Kompyuta iliyokufa ingewezaje kufyatua nozeli?

Boksi likatafutwa. Lililopatikana lilifanana na la mwalimu kwa umbo na soketi, na namba yake ilianza na 89661, namba ambayo Toyota huzipa kompyuta za injini. Tarakimu za mwisho hazikulingana, lakini muuzaji akasema hizo ni mbwembwe tu. Hizo ndizo zinazotenga injini na injini, gia ya mkono na ya otomatiki. Boksi jipya lilipofungwa, sailensa ikawa inapanda na kushuka kama mtu anayehema, na moshi uko palepale. Likarudishwa la zamani.

Hapa nisiwaseme mafundi peke yao. Sisi wenye magari tunalipia kitu kinachoshikika. Fundi akikaa saa mbili anapima na kufikiri, kisha akaomba elfu thelathini, tunaona katuibia. Akitoa kitu kinachong'aa kwenye boksi, tunahesabu laki bila kununa. Tumewafundisha kubadilisha, nao wamefundishika.

Mzee aliyelimaliza jambo hili ana gereji chini ya mti wa mwarobaini, na nilikuwepo. Kabla hajagusa boneti aliuliza swali ambalo kwa miezi minne hakuna aliyeliuliza.

"Mwalimu, linakusumbua likiwa la baridi au likiwa la moto?"

"La moto. La baridi halina neno."

"Basi tusiliharakishe. Lipate moto kwanza."

Akaliacha liungurume. Lilipopata moto akachomoa mpira mwembamba unaotoka kwenye regulata ya mafuta, akaunusa. Mkavu. Kama ungekuwa na petroli, utando wa regulata umepasuka, na mafuta yangekuwa yanafyonzwa kuingia kwenye injini kwa mlango wa nyuma. Halafu akazima, akafungua kile kiboksi kidogo chenye maandishi DIAGNOSIS, akaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, akawasha swichi bila kupiga starta. Taa ya cheki injini ikaanza kupepesa kwa mwendo uleule bila kusita. Kungekuwa na kosa lililosajiliwa, ingepepesa kwa mafungu: mara mbili, pumziko, mara mbili, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji.

"Boksi lako zima," alisema. "Maiti haipepesi. Ila linasema halijaona kosa, na sisi tunaona moshi. Kwa hiyo kuna mtu analidanganya."

Mwalimu akaonyesha mshale wa temperecha kwenye dashibodi, uko katikati, mahali pake. Mzee akacheka. Mshale huo una sensa yake ya waya mmoja. Kompyuta ina nyingine, ya waya mbili, na hizo mbili hazisalimiani. Mshale unaweza kusema kweli huku kompyuta inasikia mengine.

Akaifungua ile ya waya mbili injini ilipopoa, akaitumbukiza kwenye maji ya moto ya chupa ya chai ya mwalimu, akashika mita. Sensa hiyo inapopata joto ukinzani wake hushuka: kwenye nyuzi 20 ni kati ya omu 2,000 na 3,000, kwenye nyuzi 80 ni kati ya 200 na 400. Mita ikasoma 320.

Mzee akanyamaza. Nilimwona usoni kwamba hakutegemea hivyo. Sensa ilikuwa nzima. Fundi mwenye haraka angeinunua mpya hata hivyo, kwa kuwa alikwisha kuitaja. Yeye alikaa juu ya tairi, akanywa chai iliyobaki, kisha akairudishia sensa, akaliwasha gari mpaka likapata moto tena, akaenda kupima upande wa pili wa safari: kwenye soketi ya kompyuta yenyewe, swichi ikiwa imewashwa. Injini ikiwa moto, volti pale zilipaswa kuwa chini ya 1. Zilikuwa 2 na ushei.

Alifuata waya kwa vidole, sentimita kwa sentimita, mpaka kwenye fundo la tepu nyeusi karibu na beseni la betri. Alipolichana, shaba ndani ilikuwa imegeuka kijani, nyuzi chache tu zimeshikana. Fundo lile peke yake lilikuwa linaongeza omu kama 1,600. Asubuhi, sensa inaposema 2,500, nyongeza hiyo haibadilishi sana habari: baridi ni baridi. Injini ikishapata moto, 320 ya kweli inafika kwenye boksi ikiwa 1,900, na kompyuta inaamini maji ndiyo kwanza yanaanza kupata uvuguvugu. Kwa huruma yake inaongeza petroli na kupandisha sailensa, kama inavyoelekezwa kufanya alfajiri. Na kwa kuwa 1,900 ni jibu linalowezekana kabisa, haikuwa na sababu ya kuwasha taa.

Mzee akakata kile kipande, akaunga waya mpya kwa lehemu, akaomba elfu ishirini na tano. Mwalimu akampa hamsini, naye akarudisha chenji.

Pampu mpya inaendelea na kazi ambayo ile ya zamani ilikuwa inaiweza. Boksi lile la 89661 lipo juu ya kabati sebuleni kwa mwalimu, ndani ya mfuko wake, na risiti imebanwa juu yake: mali ikishauzwa hairudishwi.