Vidonge vya Kwenye Kopo la Maziwa

Kliniki ya wajawazito ina dawa mbili zinazotolewa siku moja na kupewa heshima tofauti. Ya kwanza ni SP, kinga ya malaria. Mama anapewa vidonge vitatu na kikombe cha maji, na muuguzi anasimama hapo hapo mpaka vipite kooni. Ya pili ni vidonge vya kuongeza damu, ambavyo watu wa kliniki huviita fefo. Hivyo huhesabiwa 30, hutiwa katika kifuko cha dawa, na mama huenda navyo nyumbani. Zote mbili huandikwa kwenye kadi. Kwa SP, kadi inasema kilichomezwa. Kwa fefo inasema kilichotolewa tu, na hapo ndipo kisa hiki kilipopata nafasi ya kuingia.

Mwanamke mwenyewe ni wa mkoa wa Tanga. Alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wa kwanza, wa kiume, hajatimiza miaka mitatu, kilo 13 kwenye mzani. Mume anaendesha bodaboda, na nyumba wanaishi pamoja na mama yake mume. Kliniki alianza mimba ikiwa ya miezi minne. Wingi wa damu ulipimwa ukaonekana 10.4. Kwa mjamzito, chini ya 11 ni upungufu tayari, lakini si wa kumfanya mtu akimbie. Muuguzi akamhesabia vidonge vyake 30, kimoja kila siku, akaita mwingine.

Siku za mwanzo alimeza kweli. Alimeza asubuhi, tumbo tupu, akashushia kwa chai ya rangi kwa kuwa ndiyo iliyokuwa jikoni. Chuma kwenye tumbo tupu hunyonywa vizuri, hilo ni kweli, ila kwa mtu ambaye mimba inamchafua moyo tangu alfajiri ni kutafuta ugomvi. Na chai ndiyo iliyoharibu zaidi, maana majani yake hukishika chuma tumboni na kutoka nacho. Kwa hiyo alipata karaha yote ya dawa na faida yake kidogo. Akawa anatapika. Choo kikafunga, kilipofunguka kikawa cheusi kama masizi. Hakuna aliyemwambia kwamba weusi ule ni chuma kilichobaki bila kunyonywa na hauna madhara. Alirudi ndani akamweleza mama mkwe.

Mama mkwe si mchawi wa kisa hiki, nisije nikaeleweka vibaya. Ni mwanamke aliyezaa watoto sita, wote nyumbani isipokuwa wa mwisho. Binti yake mkubwa alimeza vidonge hivyo hivyo mimba nzima, akaishia kupasuliwa kwa sababu mtoto alikuwa mkubwa. Kwake yeye hesabu ilikuwa imeshajumlishwa.

“Mwanangu, acha hizo,” alimwambia. “Zinamnenepesha mtoto tumboni, halafu wewe ndiye utakayechanwa. Kula mchicha, kunywa rosela, damu itakuja yenyewe.”

Imani hiyo imeenea sana, na wanaoishika si wajinga; wameona jambo moja likifuata jingine wakaliunganisha. Chuma hakimfanyi mtoto kuwa jitu. Kazi yake hapo ni kupunguza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na uzito pungufu, na watu wanaosikia “huongeza uzito” nusu nusu wanaweza kuchukua nusu inayowatisha. Mchicha nao una chuma, na rosela ina vitamini C inayosaidia chuma cha majani kunyonywa, kwa hiyo ushauri wa mama mkwe haukuwa mbaya. Ulikuwa mdogo kuliko kazi.

Mimba moja, tangu mwanzo mpaka kujifungua, hudai kiasi cha miligramu 1,000 za chuma. Karibu 300 humwendea mtoto na kondo la nyuma. Karibu 500 hutengeneza damu mpya ya mama, kwa kuwa mwili wake huongeza damu ili ilishe watu wawili. Zilizobaki hupotea kidogo kidogo kwa njia za kawaida. Mwanamke mwenye akiba nzuri huwa nayo miligramu 300 hivi, na wengi wetu huku, kwa malaria, safura na kuzaa kwa kufuatana, hatuna hata hizo. Mtoto hasubiri. Huchota chake kwanza, na hukusanya akiba ya kumfikisha miezi kama sita baada ya kuzaliwa, kwa sababu maziwa ya mama yana chuma kidogo sana. Anayebaki na kibuyu kitupu ni mama.

Basi vidonge vikaachwa. Kuvitupa aliona vibaya, dawa ya serikali hiyo, na pengine aliogopa mtu kuvikuta jalalani. Akavimimina katika kopo la maziwa ya unga, akalisukuma chini ya kitanda nyuma ya gunia la mahindi.

Kliniki ya mwezi uliofuata foleni ilikuwa imefika nje. Mwanamke wa mbele yake alikiri kwamba hamezi dawa, akasemwa mbele ya benchi zima: anataka kuua mtoto, anachezea dawa za watu. Ilipofika zamu yake, muuguzi aliuliza bila kuinua uso kutoka kwenye daftari.

“Vidonge vya damu unameza, mama?”

“Nameza.”

Ungejibu nini wewe? Alipewa 30 vingine. Mwezi wa sita, swali lile lile, jibu lile lile, 30 tena. Kopo likazidi kuwa zito.

Mwezi wa saba alianza kuhema akipanda kile kilima kidogo cha kisimani. Alitafuna udongo wa pemba, ule unaouzwa sokoni kwa mafungu, mpaka mfukoni mwa dera hamkosekani kipande. Hamu hiyo huwapata wengi ambao damu imepungua, na udongo wenyewe huzidi kuzuia chuma kunyonywa. Walipompima damu ilikuwa 8.2.

Muuguzi wa siku hiyo alikuwa mwingine, na alikuwa makini. Alipekua kadi: fefo mwezi wa nne, wa tano, wa sita, zote zina alama. Mtu anameza chuma miezi mitatu na damu inashuka, basi kuna kitu kinaila. Akampima malaria, hakuna. Akampa dawa ya minyoo. Akamwandikia kipimo cha siko seli, na hapo alifanya jambo la busara, kwa kuwa mgonjwa wa siko seli hapewi chuma kwa mazoea bila kujua akiba aliyo nayo. Siko seli nayo hakuna. Akabaki na uamuzi mmoja wa kitaalamu, ambao ungekuwa sahihi kabisa kama jibu aliloambiwa lingekuwa la kweli: aongeze dozi. Vidonge viwili kwa siku. Vidonge 60.

Huo ndio ubaya wa “nameza” ya uongo. Inamfanya mtu mwenye ujuzi atafute ugonjwa usiokuwepo na kuongeza dawa isiyomezwa.

Fefo nyingi hupakwa sukari kwa nje ili zimezeke. Ni nyekundu, zinang’aa, na zikitikiswa katika kopo zinalia kama njugu. Asubuhi moja mama akiwa uani anafua, mama mkwe akiwa shambani, mtoto aliingia chini ya kitanda kufuata mpira wake. Alipotoka midomo ilikuwa myekundu. Mama alidhani amekula rangi. Nusu saa baadaye alianza kutapika, kisha kuharisha, na matapishi yalikuwa na vipande vyekundu.

Jirani alileta maziwa, kwa sababu maziwa ndiyo dawa ya kila sumu mitaani. Mtoto alikunywa akayatapika, na saa moja ikapotea hivyo. Mkaa unaotumika hospitali kunyonya sumu nyingine nao hauna kazi hapa, maana haukamati chuma. Anachotakiwa kupata mtoto wa namna hii ni kufikishwa hospitali upesi, kopo likiwa mkononi. Bahati nzuri mume aliitwa kijiweni akaja na pikipiki, na mama mkwe, aliyekuwa amerudi, alilikumbatia kopo kama mtu aliyebeba ushahidi.

“Amekula vingapi?” daktari aliuliza.

Mama akanyamaza. Daktari akamimina kopo juu ya kitanda cha wagonjwa, akaanza kuhesabu viwili viwili na muuguzi, pamoja na vile vilivyookotwa sakafuni. Vilikuwa 133. Akaomba kadi ya kliniki, akajumlisha: 30, 30, 30, 60. Vilivyotolewa ni 150.

Akamtazama mama. “Kadi inasema unameza. Kama ulikuwa unameza, hivi vyote vimetoka wapi?”

Katika chumba kile heshima ya ndoa, aibu na hofu ya mkwe havikuwa na nafasi tena, kwa sababu daktari alihitaji tarakimu. Vidonge 17 havipo. Kama mama alimeza wiki moja hivi, tuseme vinane, mtoto alikula tisa. Kama hakumeza hata kimoja, mtoto alikula 17. Kidonge kimoja cha aina hiyo kina miligramu 60 za chuma halisi. Vidonge tisa kwa mtoto wa kilo 13 ni kama miligramu 41 kwa kila kilo: ni sumu, ataumwa, anahitaji kulazwa. Vidonge 17 ni kama 78, na kuanzia 60 kwa kilo madaktari huhesabu maisha yenyewe yako hatarini. Kati ya tisa na 17 lilikuwepo neno la mwanamke mmoja ambaye kwa miezi yote alikuwa akijibu “nameza.”

“Nilimeza siku saba, au nane,” alisema. “Wallahi.”

Mama mkwe akadakia: “Ni kweli. Mimi ndiye niliyemwachisha.”

Daktari aliwasikiliza, kisha akafanya kazi kana kwamba ni 17. Sidhani kama aliwadharau. Mtu hawezi kupima sumu kwa kiapo. Dripu ikawekwa, gari la wagonjwa likatafutwa, wakapelekwa hospitali kubwa zaidi.

Huko njiani kutapika kulikoma. Jioni mtoto aliomba uji, akataka kushuka kitandani, na baba akaanza kuulizia nauli ya kurudi. Muuguzi wa wodi alikataa katakata, na natamani kila mzazi alijue hili. Sumu ya chuma ina saa za kupumzika. Baada ya matapishi ya mwanzo mtoto huweza kuonekana amepona, wakati chuma kinaingia kwenye damu na kwenda kushambulia ini. Wapo waliorudishwa nyumbani saa hizo wakarejeshwa hawana fahamu. Huyu alikaa akitazamwa siku tatu, na hakuzidiwa. Ikaonekana kwa kila dalili kwamba vilikuwa tisa, na kwamba vingine alivitapika.

Usiku wa kwanza wodini, muuguzi yule yule alimwona mama akijaribu kumwinua mtoto na kushindwa. Akamshika mkono, akakifungua kiganja chini ya taa: cheupe. Akamvuta kope la chini: jeupe pia. Kipimo kikasema 6.7, mimba ikiwa wiki ya 35.

Vidonge kwa wakati huo havikutosha tena. Hata vikimezwa vizuri huhitaji wiki kadhaa ili damu ipande ya kuonekana, na yeye alibakiwa na wiki chache. Mwanamke mwenye damu ya kutosha anaweza kupoteza nusu lita wakati wa kujifungua akaomba chai. Mwenye 6.7, nusu lita hiyo hiyo inaweza kumwondoa. Aliongezewa damu, chupa mbili. Vijana wa kijiwe cha bodaboda walikuja wanne kuchangia benki ya damu, na mmoja alizimia baada ya kuona sindano tu, jambo ambalo wenzake hawajamsamehe mpaka leo.

Alijifungua salama, kwa njia ya kawaida, mtoto wa kike wa kilo 2.6. Mama mkwe ndiye aliyeuliza uzito mara mbili.

Kabla ya kuruhusiwa alipewa tena kifuko cha fefo, maana mama huendelea kumeza baada ya kuzaa ili kurudisha alichopoteza. Safari hii alisema ukweli wote pale pale: vinanichafua moyo, vinanifunga choo. Mkunga hakumkaripia. Alimwambia amezee usiku, baada ya chakula, kwa maji au maji ya limau. Chai ingoje saa mbili. Maji anywe kwa wingi na mapapai yasikosekane. Vikimshinda kabisa arudi abadilishiwe aina. Akamwambia choo kitakuwa cheusi na asishtuke. Kisha akamtaka siku ya kurudi aje na kifuko chenyewe, na vilivyobaki ndani, hata kama ni vyote.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kapu la nguo.

“Na kifuko kitakaa kwangu,” alisema. “Nitakitundika kwenye kenchi. Akitaka kumeza aje aniombe, nihesabu.”

“Sawa, mama,” mkunga alimjibu. “Ila uhesabu anavyomeza, usihesabu anavyotapika.”