Somo la 8: Habari Iliyoonekana Porojo

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Juma Hili: Luka 8:1-3, Luka 23:49-56, Luka 24:1-12, 22-25, Yohana 20:1-18, Mdo 1:14, 1 Kor. 11:5, 1 Kor. 14:26-35; Rum. 16:1-7.

Fungu la Kukariri: Yohana 20:18. Likariri kutoka katika Biblia yako, ukiangalia ni nani anayepeleka habari, na anaipeleka kwa nani.

Imani yetu yote inategemea kaburi tupu. Paulo anasema wazi katika 1 Wakorintho 15:14 kwamba kama Kristo hakufufuka, mahubiri ni bure na imani ni bure. Lakini habari ya kaburi hilo iliwafikiaje mitume? Injili zote nne zinajibu kwa sauti moja: ililetwa na wanawake. Kisha Luka anaongeza jambo ambalo mwandishi anayetaka kuwapamba viongozi angeliacha. Mitume waliisikia habari hiyo wakaiona porojo.

Juma hili tutawafuata wanawake hao kutoka Galilaya mpaka chumba cha juu. Hatujifunzi ili kuwashindanisha wanaume na wanawake. Tunajifunza kwa sababu kosa la asubuhi ile lingali linatendeka kati yetu: habari ya kweli inafika, nayo inakataliwa kwa sababu ya mtu aliyeileta. Naandika nikiwa mwanamke anayelipenda kanisa hili, na ninaamini Luka aliliandika kosa hilo ili sisi tusilirudie.

JUMAPILI: Waliosafiri Pamoja Naye

*Soma Luka 8:1-3. Ni akina nani waliofuatana na Yesu, na kila kundi linaelezwaje?*

Luka anayataja makundi mawili kwa pamoja: wale Thenashara, na wanawake. Watatu anawataja kwa majina. Mariamu Magdalene alikuwa amefunguliwa kutoka katika kifungo cha pepo saba. Yoana alikuwa mke wa Kuza, wakili wa Herode, yule yule aliyemkata kichwa Yohana Mbatizaji. Mtu wa tatu ni Susana, na juu yake hatuambiwi kitu kingine. Kisha Luka anasema walikuwapo wengine wengi, na kwamba walihudumu kwa mali zao wenyewe. Hivyo fedha kutoka nyumba ya msimamizi wa mali ya Herode zilinunua chakula cha Mhubiri aliyetangaza Ufalme mwingine.

Neno la Kiyunani linalotumika hapa kwa kuhudumu ni la jamii moja na lile linalotafsiriwa shemasi. Tunaifahamu vizuri huduma ya namna hii. Ndiyo ya mama anayeamka alfajiri kuwapikia watu wa makambi, ya Dorkasi wanaomtembelea mjane mwenye njaa, ya mashemasi wa kike wanaotayarisha mkate usiotiwa chachu na mabeseni ya kutawadhana miguu. Yesu hakuihesabu kuwa kazi ya pembeni. Lakini pia hakuifanya kuwa mpaka wa wanawake hao. Pale kaburini, malaika waliwaambia wayakumbuke maneno ambayo Yesu alikuwa amewaambia huko Galilaya (Luka 24:6-8), nao wakayakumbuka. Mtu hawezi kukumbuka fundisho ambalo hakulisikia. Walitoa mali zao, na walikuwa wanafunzi pia.

*Katika kanisa lako, wanaopika na kusafisha hupata wapi nafasi ya kuketi na kujifunza Neno?*

JUMATATU: Walitazama, Wakapumzika

*Soma Luka 23:49, 55, 56 na Luka 24:1-3. Wanawake hawa waliona mambo gani, moja baada ya jingine?*

Fuata mambo hayo kwa utaratibu. Walisimama kwa mbali wakaona jinsi alivyokufa. Walimfuata Yusufu wa Arimathaya wakaliona kaburi, na jinsi mwili ulivyolazwa. Siku ya kwanza ya juma, alfajiri na mapema, waliliona kaburi lile lile likiwa wazi. Kifo, maziko, kaburi tupu: macho yale yale yaliona yote matatu. Mtu akikuambia kwamba labda walikosea kaburi, mjibu kwamba Luka alishaliona swali hilo.

Katikati ya maziko na kaburi tupu, Luka ameweka Sabato. Manukato na marhamu yalikuwa tayari, na kazi ya upendo ilikuwa haijamalizika. Hata hivyo walipumzika kama ilivyoamriwa. Luka aliandika haya miaka mingi baada ya msalaba, wala hasemi neno lolote la kuonyesha kwamba amri ile ilikuwa imebadilika.

Kuna jambo jingine ambalo wanawake watalitambua haraka. Amri ya nne inawapa pumziko mwana na binti, mtumwa na mjakazi, hata mnyama na mgeni (Kut. 20:10). Lakini katika nyumba nyingi za Waadventista, mama hurudi kutoka ibadani akiwa na wageni nyuma yake, akaingia jikoni, na hatoki humo mpaka jua lishuke. Maandalio ya Ijumaa ni kazi ya nyumba nzima.

*Je, nyumbani kwako Sabato ni pumziko kwa kila mtu, au ni kwa wale wanaopakuliwa tu?*

JUMANNE: Hawakusadikiwa

*Soma Luka 24:9-12, 22-25 na Marko 16:14. Yesu aliwakemea wanafunzi kwa sababu gani?*

Waliokuja na habari hawakuwa wageni. Luka anawataja tena: Mariamu Magdalene, Yoana, Mariamu mama wa Yakobo, na wengine waliokuwa pamoja nao. Mitume walikuwa wamesafiri nao na kula chakula chao. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwaita waongo. Lakini jamii ya wakati ule ilikuwa na mazoea yake. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba ushahidi wa wanawake usipokelewe, akidai kuwa ni watu wepesi. Mitume walikulia katika mazoea hayo, na asubuhi ile mazoea yaliyashinda masikio yao.

Wale wawili wa njia ya Emau walikuwa na taarifa yote: kaburi tupu, malaika, ujumbe kwamba yu hai. Waliisimulia bila kukosea, huku wakiendelea kutembea kwa huzuni. Yesu aliwaambia kwamba mioyo yao ni mizito kuamini. Na Marko anaandika kwamba aliwakemea wale kumi na mmoja kwa kutowasadiki waliomwona. Bwana hakuwahurumia kwa kukosa ushahidi, kwa kuwa walikuwa wameshaupata.

Hapa somo linatugusa. Binti anamwendea mzee wa kanisa na kueleza alilotendewa na mtu anayeheshimiwa. Mke anakuja na alama za kipigo. Mara ngapi jibu limekuwa, "Nenda ukaombe," au, "Usiliaibishe kanisa"? Mwaka 2009 ADRA na Idara ya Huduma za Wanawake ya kanisa letu walianzisha kampeni ya enditnow ili kukomesha ukatili, na kila mwaka Sabato ya nne ya Agosti hutengwa kwa ajili ya jambo hilo. Sabato hiyo itakuwa sherehe tupu iwapo siku nyingine zote mwenye kuumizwa hana wa kumsikiliza.

Kusikiliza si kumhukumu mtu bila uchunguzi. Torati iliwaagiza waamuzi kuuliza kwa bidii (Kum. 19:18). Petro hakuelewa yote mara moja, lakini aliondoka akaenda mbio kuangalia. Anayeambiwa kwamba mtoto ameumizwa naye aende mbio: amlinde mtoto kwanza, na alipeleke jambo hilo kwa mamlaka za serikali zinazohusika.

*Ni habari gani uliyowahi kuambiwa ukaipuuza kwa kumtazama tu aliyeileta?*

JUMATANO: Aliitwa kwa Jina

*Soma Yohana 20:1-18. Petro na Yohana walikuwa wapi Yesu alipomtokea Mariamu?*

Angalia utaratibu wa matukio. Wanafunzi wawili walifika kaburini, wakaingia, wakaona vitambaa, kisha wakarudi nyumbani. Muda mfupi baadaye Yesu alisimama mahali pale. Kama angetaka Petro na Yohana wawe wa kwanza kumwona, wote wawili walikuwa wametoka hapo hivi karibuni. Aliwaacha waende. Akajionyesha kwa mwanamke aliyebaki akilia.

Mariamu alimdhani kuwa mtunza bustani. Maneno ya malaika hayakumfumbua macho. Alimtambua alipoitwa kwa jina lake, kama kondoo anayemjua mchungaji wake (Yoh. 10:3). Kisha akatumwa. Hakuambiwa aitunze furaha ile moyoni mwake, bali apeleke ujumbe kwa wale ambao Yesu aliwaita ndugu zake.

Dada unayesoma, tambua kwamba Yesu hakumwahidi Mariamu kuwa atasadikiwa. Kazi yake ilikuwa kwenda na kusema, naye alikwenda, akasema. Ukweli aliobeba haukupungua kwa sababu chumba kizima kilitikisa kichwa. Na ndugu unayesoma, usilichukue neno hili kuwa faraja ya kuwapa wanawake ili wavumilie kutosikilizwa. Mariamu alipewa kazi ya kusema, na ndugu zake walipewa kazi ya kusikia. Upande mmoja ulitii asubuhi ile ile, na upande wa pili ukachelewa.

*Ni ujumbe gani Bwana amekupa, ambao umeuficha kwa kuogopa kwamba hutasadikiwa?*

ALHAMISI: Chumba cha Juu na Mafungu Magumu

*Soma Mdo 1:14, 1 Kor. 11:5, 14:26-35, Rum. 16:1-7. Mafungu haya yanasomekaje kwa pamoja?*

Wanawake wale walikuwapo katika chumba cha juu wakidumu katika kuomba. Roho aliposhuka, Petro alisimama akaeleza kwamba unabii wa Yoeli umetimia, unabii unaowataja wana na mabinti, watumishi wa kiume na wa kike (Mdo 2:17, 18). Mtu aliyekuwa amesikia habari ya wanawake pamoja na wale walioiona porojo sasa alitangaza kwamba mabinti watatabiri.

Lakini je, Paulo hakusema wanawake wanyamaze? Alisema, na hatuna ruhusa ya kulirukia fungu hilo. Hatuna ruhusa pia ya kulisoma peke yake. Katika sura ile ile ya 14, anamwambia anyamaze yule anenaye kwa lugha pasipo mfasiri (fungu la 28), na nabii ambaye mwenzake amepewa ufunuo (fungu la 30). Neno la Kiyunani ni lile lile mara zote tatu, na jambo analolishughulikia ni utaratibu katika ibadani. Sura tatu kabla ya hapo alikuwa ameeleza namna mwanamke anavyopaswa kuomba na kutabiri. Na alipowaandikia Warumi, wa kwanza kutambulishwa katika sura ya mwisho ni Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, aliyewasaidia watu wengi, na Paulo mwenyewe pia.

Kanisa letu limejadili kwa miaka mingi suala la kuwawekea wanawake mikono kuwa wachungaji. Julai 2015, huko San Antonio, Texas, wajumbe wa Konferensi Kuu walipiga kura kuhusu divisheni kujiamulia jambo hilo: 1,381 walikataa, 977 waliunga mkono. Somo hili halifungui tena kura ile. Linauliza jambo ambalo hakuna kura iliyowahi kulizuia, nalo ni kumsikiliza dada anaposema kweli.

*Katika kikao cha mwisho cha baraza la kanisa lako, ni neno gani lililosemwa na mwanamke likabadilisha uamuzi?*

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Mnamo mwaka 1844, Rachel Oakes, Mbaptisti wa Siku ya Saba, alimkabili mhubiri Frederick Wheeler huko Washington, New Hampshire, kuhusu amri ambayo mhubiri huyo hakuitunza. Wheeler angeweza kukasirika. Alirudi kwenye Biblia yake, akachunguza, akaanza kuitunza Sabato. Mwezi Desemba mwaka ule ule, katika mji wa Portland, Maine, wanawake watano walikuwa wakiomba pamoja nyumbani. Mmoja wao, Ellen Harmon, msichana dhaifu wa mwili mwenye umri wa miaka 17, alipata njozi yake ya kwanza. Baadaye aliolewa na James White, na alilitumikia kanisa hadi kifo chake mwaka 1915. Na Shule ya Sabato yenyewe, ambayo lesoni hii ni yake, iliongozwa katika Konferensi Kuu na mwanamke, L. Flora Plummer, kuanzia 1913 hadi 1936.

Tafakari jinsi ambavyo tungekuwa leo, kama waliowasikia watu hawa wangesema ni porojo.

Maswali ya Kujadili:

1. Mwanamke anajibu swali darasani na jibu linapita kimya. Baada ya dakika tano mwanaume anasema lile lile, na darasa linaitikia "Amina." Kwa nini hutokea hivyo? Mwalimu wa darasa afanye nini?

2. Mtu akija leo kwa kiongozi wa kanisa lenu kusema ameumizwa, hatua tatu za kwanza zitakuwa zipi? Kama darasa halizijui, nani atauliza, na lini?

3. Tunawezaje kumsikiliza mlalamikaji kwa uzito bila kumnyima haki anayelalamikiwa? Tumia Kumbukumbu la Torati 19:15-19.

4. Gaweni kazi za maandalio ya Sabato za juma lijalo katika nyumba zenu, wanaume na watoto wakiwemo. Sabato inayofuata, akina mama waeleze kama walipumzika.