Mtoto Asiyeitika Ametenda Dhambi?

Mwalimu amwita mtoto, naye haitiki. Hatazami uso wa mtu. Kengele ikilia aziba masikio. Katika vijiji vya Butembo na Beni wako wasemao, "Ni mkaidi, apigwe." Wengine wanena, "Ni mchawi."

Mkatekumeni amekwisha kufundishwa kwamba hakuna dhambi pasipo kujua na kutaka. Mtoto huyu hakukataa kutii. Amezaliwa na usonji, hali ya ubongo ambayo daktari Leo Kanner aliieleza huko Marekani mwaka 1943. Mara nyingi kelele humwumiza, na maneno mengi humpita. Basi kumpiga ni kumwadhibu asiye na kosa, na huo ni udhalimu, hata fimbo ikiwa mkononi mwa mwalimu. Kumwita mchawi ni kumsingizia. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 41, yakataza jambo hilo.

Mwalimu afanyeje? Amtazame Bwana Yesu mbele ya kiziwi, kama asimuliavyo Marko. Kwanza alimtenga na makutano, akamgusa masikio na ulimi, ndipo aliponena. Vivyo hivyo mwalimu mwema humtoa mtoto penye kelele, humwonyesha kazi kwa mkono na kwa picha, hutumia maneno machache, hufuata utaratibu ule ule kila siku, kisha hungoja.

Mwalimu huyo hana uwezo wa kuiondoa hali hiyo. Lakini roho ya mtoto imeumbwa kwa sura ya Mungu kama yake mwenyewe, naye atadaiwa hesabu ya jinsi alivyomtendea.